Mkono wa Bi Khamisa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, Yusra Haroub alipika mwani. Aliupika katika sufuria ya chai ya mama yake, na tangu aanze kazi hiyo sufuria ile haikupika chai tena, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuinywa. Nyumba yao ilikuwa Mpendae, kwenye kichochoro ambacho madirisha yanatazamana, na harufu ya mwani unaochemka iliingia kwa majirani bila kupiga hodi.

"Bi Maisara, leo mnapika nini tena?" jirani aliuliza kutoka dirishani kwake, pua ameiziba kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu anapika shahada," alijibu Bi Maisara, mama yake Yusra. "Ikiiva nitakuletea bakuli."

Majirani walicheka. Yusra hakuwa na nafasi ya kucheka. Aliukoroga ule ute mzito wa mwani, akautia unga wa muhogo, kisha akaukamua kwa bomba la sindano ndani ya beseni la maji yenye dawa aliyopewa maabara. Ute ulipogusa maji yale uliganda na kuwa uzi. Yusra aliuanika uzi huo kwenye kamba ya nguo, kati ya kanga za mama yake na sare za wadogo zake. Ulipokauka ulikuwa kamba nyembamba, ngumu, inayoweza kufunga kitu.

Yusra alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, akisoma kemia. Hamu ya kamba ilimwingia zamani, alipokuwa darasa la sita, likizo moja alipokwenda Kiwengwa kwa mama yake mdogo, Khamisa. Ilikuwa Iddi ya kuchinja. Mume wa Khamisa, Mzee Mcha, alimchinja mbuzi wake mnono, na tumbo lilipopasuliwa likatoka bonge la vikamba vya plastiki vya buluu. Wakulima wa mwani hufunga mbegu zao, yaani vijitawi vya mwani, kwa vikamba hivyo, na vikikatika bahari huvitupa pwani, mbuzi wakavila. Watoto wengine walilichezea bonge lile kama mpira. Yusra alisimama akauliza kama haiwezekani kupatikana kamba ambayo hata mbuzi akiila haimdhuru.

"Ukiijua kuitengeneza, mimi nitakuwa wa kwanza kuifunga," Khamisa alimwambia.

Basi Yusra akasoma. Alijifunza kwamba plastiki ni polima, yaani minyororo mirefu sana ya chembe ndogondogo zilizoshikana, na kwamba ute wa mwani nao ni polima. Tofauti ni kuwa minyororo ya plastiki haiozi, na ya mwani huoza. Kwa hiyo aliona jambo lake ni rahisi kulisema: kamba ya mwani ya kufungia mwani, ikae baharini mpaka mavuno, kisha ioze. Kulitenda ndiko kulikokuwa kugumu.

Msimamizi wake alikuwa Dokta Mkadam, mtu mwembamba aliyeogopwa na wanafunzi kuliko mtihani wenyewe. Maabara yake ilikuwa Mji Mkongwe, katika jengo la zamani lenye dari refu. Humo alimwita Yusra pamoja na mwenzake, Talib, ambaye alikuwa akitengeneza sahani kwa makumbi ya nazi.

"Maabara moja ya Bara inafanya utafiti wa polima zinazooza," alisema. "Wananipa nafasi moja ya shahada ya uzamili. Moja, si mbili. Talib, sahani zako zinavuja. Yusra, kamba zako sijaziona baharini. Atakayeniletea kitu kinachofanya kazi ndiye nitakayempendekeza. Sitaki hadithi."

Walipotoka, Talib alimnusa Yusra begani. "Mpishi wa mwani," alisema. "Hata ukienda Bara, watajua umeingia kabla hujafungua mlango."

Neno lile lilimkaa Yusra. Aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na mtu akitaka kitu kiasi hicho huanza kuona vibaya.

Alizijaribu kamba zake kwa njia mbili. Kwanza alizitia katika ndoo za maji ya bahari, akaziweka kwao Mpendae chini ya ngazi, kwenye kivuli. Pili alimpelekea Khamisa fungu dogo, na Khamisa akafunga mbegu za mwani katika pembe ya shamba lake, pale Kiwengwa. Shamba la mwani ni kamba ndefu zilizonyooshwa baina ya vijiti baharini, mahali ambapo wakati wa bamvua maji hukupwa sana na wanawake huweza kuingia kwa miguu.

Za kwenye ndoo zilikaa imara. Mwezi ulipopita Yusra alizivuta kwa nguvu zake zote, na hakuna hata moja iliyokatika. Alikwenda Kiwengwa na moyo mwepesi.

Bamvua lilikuwa limeshika, bahari imekwenda mbali, na jua la kaskazi, msimu wa joto, lilikuwa juu ya utosi. Maji yaliyobaki kati ya mashamba yalimfika vifundoni, na yalikuwa ya moto kama ya kuogea mgonjwa. Khamisa alikuwa amesimama kwenye pembe yake, kichwa ameinamisha.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utazame. Zimekwenda."

Zaidi ya nusu ya mbegu hazikuwapo. Yusra aliinama akashika kamba moja iliyokuwa bado inaning'inia. Ilikuwa laini kama tambi zilizopitiliza jikoni. Aliivuta kidogo tu, ikakatika katikati. Fundo lake lilibaki pale pale, limekazwa vizuri. Ndoo za Mpendae zilikuwa kivulini, maji yake baridi na yametulia. Hapa maji yalichemka kila bamvua, kisha mawimbi yakaja kuvuta. Yusra aliyaelewa yote hayo kwa mara moja, akiwa bado ameinama.

Wanawake wengine walikuwa wamekwishasogea. Bi Ulfat, kiongozi wa kikundi chao, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno, aliuliza, "Vipi kamba ya msomi wetu?"

Wote walimtazama Yusra. Yeye akaiona ile nafasi moja ikimponyoka, akamwona Talib akiichukua.

"Kamba nzima," alisema. "Zimefunguka tu. Hazikufungwa vizuri."

Alikifumba kiganja juu ya kile kipande laini, akakiangusha, na kwa kidole cha mguu akakifukia mchangani ndani ya maji. Khamisa hakukiona. Khamisa alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Basi nitakuwa nimezilegeza," alisema polepole. "Mimi nshazeeka."

Hakuwa mzee. Alikuwa amefunga mwani tangu yeye mwenyewe ni msichana, na vidole vyake vilikuwa na sugu za kazi hiyo. Lakini aliyesema ni mtoto wa dada yake aliyesoma, na Khamisa alimwamini.

Kesho yake Yusra alisimama mbele ya Dokta Mkadam.

"Za kwenye ndoo zimekaa zote, Dokta."

"Na za baharini?"

"Zilifunguka. Aliyezifunga hakuzifunga vizuri."

"Nani aliyezifunga?"

Yusra alitazama dirishani. "Mkulima mmoja tu," alisema.

Hivyo ndivyo mama mdogo aliyemlea likizo zote, aliyemkaangia samaki na kumsuka nywele, alivyogeuka mkulima mmoja tu. Dokta Mkadam alitikisa kichwa kukubali, akasema ya ndoo yanatosha kwa kuanzia, na kwamba atampendekeza. Akaongeza kuwa chuo kitatengeneza kamba nyingi ili kikundi kizima cha Kiwengwa kizitumie msimu ule.

Pale Yusra angeweza kusema. Hakusema. Alijiambia kuwa pengine kamba mpya zitakuwa ngumu zaidi, na akajiambia tena mpaka akaanza kusadiki.

Wanawake wa Kiwengwa hawakuwa wepesi kukubali. Bi Ulfat alisema plastiki wanaijua na hii hawaijui. Khamisa ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba. "Ni ya mwanangu," aliwaambia. "Mnanijua mimi. Nishawahi kukudanganyeni?" Kwa neno lake wakakubali, wakazing'oa zile za buluu mashambani kwao.

Yusra alikuja kuwaonyesha namna ya kufunga. Alikaza fundo mara mbili, akalivuta, kisha akasema kwa mzaha, "Mkaze hivi. Msifunge kama mama mdogo."

Wanawake walicheka. Khamisa naye alicheka, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya wenzake hana pengine pa kujificha ila kwenye kicheko hicho hicho. Siku zile zote alifunga mwani wake akikaza mafundo mpaka vidole vikatoka damu.

Habari ya nafasi ilifika Mpendae mchana wa Ijumaa. Yusra amekubaliwa. Bi Maisara alinunua halua na kuigawa kwa majirani, pamoja na yule wa kuziba pua, na kichochoro kizima kikaja kumpa mkono. Simu ya Khamisa iliingia wakati sahani ya mwisho inapelekwa.

"Mwani umekwenda," alisema.

"Wako?"

"Wa wote."

Yusra alipofika Kiwengwa, mwani ulikuwa umerundikana pwani mbele ya hoteli kubwa, baina ya vitanda vya wageni. Wafanyakazi wa hoteli walikuwa wakiukokota kwa reki na kuupakia kwenye matoroli kama takataka, kwa sababu wageni wamelalamika harufu. Mwingine ulikuwa umekwishaoza juani. Wanawake walisimama kwenye mpaka wa hoteli, ambao hawaruhusiwi kuuvuka, wakitazama mavuno yao yakimwagwa shimoni. Mmoja alikuwa akilia bila kujifuta.

Bi Ulfat alimgeukia Yusra. "N'nakuuliza mara moja. Kamba yako nzima au mbovu?"

Kule Bara nafasi ilikuwa imekwishaandikwa kwa jina la Yusra.

"Nzima," alisema. "Ikifungwa vizuri."

"Kwa hiyo sote hatujui kufunga," alisema Bi Ulfat. "Tuliofunga mwani na wewe hujazaliwa."

Akamsogelea, na pengine angemwambia zaidi, lakini Khamisa aliingia katikati.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyekuambieni. Mkitaka kusema, semeni na mimi."

"Hatusemi na wewe," alijibu Bi Ulfat. "Hatusemi na wewe tena, Khamisa. Wewe wako na sisi wetu."

Mjini unaweza kugombana na mtaa mmoja ukahamia mwingine. Kijijini ukiambiwa hivyo, umekwisha. Kisimani walinyamaza Khamisa alipofika. Kwenye arusi hakualikwa. Baharini waliliruka shamba lake kama maji yake yana sumu. Yusra alipewa habari hizo na mama yake, na kila alipozisikia alijiambia kuwa atasema, lakini kwanza apate tiketi, kwanza amalize mtihani, kwanza hiki, kwanza kile.

Kisha ikafika hitima ya Mzee Mcha, mwaka tangu alipofariki. Hitima haipikwi na mtu mmoja. Wanawake wa kijiji huja tangu alfajiri, huyu anachagua mchele, huyu anamenya vitunguu, huyu anatwanga thumu, na wanaume wakishamaliza kumsomea maiti msikitini huja kula. Khamisa alikuwa ameweka akiba ya hitima hiyo mwaka mzima. Alialika kila nyumba, hata ya Bi Ulfat, akiamini kuwa marehemu hasusiwi.

Alfajiri walifika Yusra na mama yake tu. Jua lilitoka, likapanda, na hakuna mwengine aliyekuja. Wanawake watatu wakamenya gunia la vitunguu, wakapika pilau ya kijiji kizima katika masufuria ambayo peke yao hawakuweza kuyainua. Bi Maisara alinung'unika. Khamisa alipika, akapakua kwenye masinia, akayapanga ukumbini juu ya mikeka na kuyafunika kwa makawa.

Wanaume waliisoma hitima msikitini, kwa kuwa dua ya maiti ni haki yake. Walipomaliza walivaa viatu, wakapita mbele ya mlango wa Khamisa, wakaenda makwao. Baadhi yao walitazama chini. Watoto wawili waliingia ukumbini na kukaa mbele ya sinia, mmoja amekwishanyoosha mkono, na mama yao akawaita kutoka barabarani kwa sauti ya ukali. Wakainuka wakatoka.

Pilau ikaanza kupoa. Khamisa alikaa mkekani, mbele ya masinia yake, akatoa mfukoni uzi mweupe wa kamba ya mwani. Alikuwa ameuweka tangu msimu ule. Akaufunga kwenye kidole cha mguu wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Yusra," aliita.

"Naam, mama mdogo."

"Nimefunga na kufungua mwaka huu mpaka nimechoka. Sioni nilipokosea." Akamnyooshea uzi. "Nifundishe, mwanangu. Mkono wangu huu umewatia watu njaa, nami sijui umefanya nini."

Hapo Yusra alishindwa. Alijaribu kuupokea uzi na vidole vyake vikakataa, akaanza kulia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu aliyebanwa.

"Hukukosea," alisema. "Fundo lako lilikuwa zima. Kamba ndiyo iliyolainika. Maji ya moto yaliilainisha."

Bi Maisara aliweka chini upawa. Khamisa aliurudisha mapajani mkono wake wenye uzi.

"Siku ile ya kwanza, ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nayo mkononi, nikaifukia."

Yusra alingoja kofi, na alilitamani. Halikuja. Khamisa aliukunja ule uzi, akaurudisha mfukoni.

"Inuka," alisema. "Nenda kawaambie wao. Mimi nshakusemea vya kutosha."

Wanawake walikuwa barazani kwa Bi Ulfat, wamekaa pamoja ili kila mmoja amwone mwenzake kuwa hakwenda hitimani. Yusra alisimama chini ya baraza, juani, hakuna aliyemkaribisha. Akasema yote: ndoo za kivulini, maji ya moto, kipande alichokifukia, na lile neno "nzima" alilolisema mara mbili. Alipomaliza, mwanamke mmoja alitema mate pembeni.

"Ushamaliza?" aliuliza Bi Ulfat.

"Nimemaliza."

"Bado. Sisi umetwambia kwa sababu tushakosa, hatuna la kukunyang'anya. Mpigie huyo Dokta wako. Hapa hapa. Weka sauti kubwa tusikie."

Yusra alitoa simu. Kwanza alibonyeza jina jingine, akakata, kisha akabonyeza la Dokta. Dokta Mkadam alipopokea, alimsalimu, akamweleza, kwa maneno yale yale na kwa taratibu ile ile, mbele ya macho ya wanawake wote. Alipofika kwenye habari ya mkulima, ilibidi aseme, "Yule mkulima ni mama yangu mdogo."

Sauti ikatoka simuni, kavu.

"Nani wanatusikia?"

"Wakulima wa mwani, Dokta."

"Vizuri, na wasikie. Mimi nami nina kosa, niliridhika na ndoo. Nitakuja kuwaambia hayo mwenyewe. Ama wewe, Yusra, nafasi ataichukua Talib. Nitawapigia Bara leo."

"Naam, Dokta."

"Sijamaliza. Unadhani ulificha aibu? Ile kamba iliyolainika ndiyo iliyokuwa utafiti wako. Kwa nini inalainika, kwa joto gani, tufanye nini isilainike. Hayo ndiyo wanayoyatafuta watu wa polima dunia nzima. Bahari ilikupa jibu mkononi, nawe ukalifukia, ukaniletea ndoo." Akapumua. "Kamba kushindwa si kosa. Kila siku maabara zinashindwa. Anayeficha kilichoshindwa anamwacha mwengine aje aanguke pale pale alipoanguka yeye. Wewe uliwaacha wanawake hawa waanguke."

Simu ikakatika. Yusra aliitazama skrini mpaka ikazima. Nafasi ya kuisomea ile kamba aliyoitamani tangu mbuzi wa Mzee Mcha ilikuwa imekwenda, na hakukuwa na mtu wa kumlilia.

Bi Ulfat aliinuka, akajifunga kanga kiunoni. "Haya," aliwaambia wenzake. "Wali wa watu unapoa."

Walikwenda wote, na njiani wakawaita waume zao na watoto. Ukumbi wa Khamisa ukajaa. Bi Ulfat alipiga magoti mbele yake, akaushika ule mkono wenye sugu, akasema, "Tusamehe, Khamisa." Khamisa alisema yamekwisha, ingawa sauti yake haikusema hivyo. Kwenye masinia hakuna aliyemsogelea Yusra kumpa nafasi. Alizunguka na birika na beseni, akiwanawisha watu mikono kabla na baada ya kula. Jioni akasugua masufuria peke yake.

Talib alikwenda Bara. Siku ya kuondoka alimtumia Yusra ujumbe wa kumshukuru kwa nafasi, na hakuandika jambo jingine. Mavuno yaliyopotea hakuna aliyewarudishia wanawake. Dokta Mkadam alikuja Kiwengwa, akasema kosa lake mbele yao, wakamsikiliza, wakarudi baharini kufunga mbegu mpya kwa plastiki ile ile ya buluu.

Yusra alirudi nao. Hakuna aliyemtaka mwanzoni, na Bi Ulfat alimpa kazi ya kukokota magunia ya mwani mbichi, ambayo huvunja mgongo. Aliyakokota. Kila bamvua, kazi ya wanawake ikishamalizika, aliingia kwenye pembe ya Khamisa na kipimajoto, akazitazama kamba zake zikifa. Alibadilisha dawa ya beseni, akapunguza muhogo, akajaribu utomvu wa mti huu na ule. Nyingi zililainika. Kila iliyolainika aliinyanyua juu na kuwaonyesha wanawake, na walipomcheka aliwaacha wacheke. Polepole walianza kuja wenyewe kuuliza. Wakamwambia na wao yale waliyoyaona.

Msimu wa pili wa kaskazi, zilikuwapo kamba chache zilizovuka bamvua zote mpaka mavuno. Hazikutosha kufunga shamba. Yusra alizipeleka zote kwa Dokta Mkadam, zilizokaa na zilizoshindwa, na zilizoshindwa zilijaza gunia.

Dokta alilimwaga gunia mezani, akazigeuza moja moja kwa kalamu. Hakumsifu.

"Nitawapigia Bara," alisema. "Nitawaambia habari yako yote, pamoja na ile ya mwaka jana. Wakikutaka, wakutake hivyo."

Walimtaka. Walimwambia kuwa swali lake, la kamba inayolainika katika maji ya moto, ndilo watakalompa alifanyie shahada ya uzamili.

Kabla ya kuondoka alikwenda Kiwengwa kuaga, na alibeba fungu la kamba mpya. Bamvua lilikuwa limeshika. Alimkuta Khamisa shambani, akamsalimu, akamnyooshea fungu lile.

"Nifungie hizi, mama mdogo. Nitazikuta nikirudi likizo."

Khamisa hakulipokea. Aliendelea na kazi yake, vidole vikienda vyenyewe.

"Yusra, mimi nshakusamehe," alisema. "Lakini nikwambie. Ulipoongopa, wewe ulilala, ukala, ukapewa na mkono wa hongera. Uongo wako haukukaa kwako. Ulikuja kukaa kwangu. Mwaka mzima nliutazama mkono huu nikauona mbovu, na mpaka leo nikifunga, hukaza mara mbili. Hilo hulirudishi, hata ukiwa dokta. Kwa hiyo ukasome, na lolote litakaloharibika mikononi mwako, liseme siku ile ile, lisije likamfika mwengine."

"Nimesikia, mama mdogo."

Khamisa alisogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye kamba ndefu.

"Haya, funga mwenyewe," alisema. "Zikikatika, tujue mkono wa nani."

Yusra aliinama ndani ya maji ya moto, akachukua mbegu ya kwanza, akaanza kufunga.